Maisha ya Mama Madirisha, Mtunza Maabara

Maneno haya nimeyaandika mimi, mume wa marehemu. Anayesoma ni mdogo wake, kwa sababu sauti yangu haifiki nyuma. Ni machache. Mtu akiona kuna nilichosahau aniambie baadaye. Nitakuwa nyumbani.

Kabla ya yote. Mmeona kwamba mtoto wetu wa kwanza hayupo. Mmeona pia kwamba tunazika mapema. Watu wamesema mengi pale nje, wengine kwa sauti, nami nimewasikia. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Nitalifikia. Kwanza tumseme yeye.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Waliobaki ni wawili, kaka yake na huyu mdogo wake anayesoma. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia na mkunga akasema hafiki kesho. Alifika. Baba yake alikuwa fundi magodoro, yale ya kujazwa sufi. Mama yake alikuwa mkulima. Kazi ya magodoro ilifanyiwa sebuleni, nyumba nzima vumbi la sufi, watoto wanapiga chafya asubuhi hadi jioni. Kaka yake anasimulia kwamba marehemu, akiwa hata kimo cha meza hajafika, alikuwa anapanda kigoda anafungua dirisha. Upepo unaingia, sufi inaruka, baba anamchapa. Kesho yake anapanda kigoda tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza 1966. Alikuwa mzuri wa hesabu, na mwandiko wake ulikuwa kama wa kuchapwa na mashine. Aliingia sekondari akasoma miaka miwili. Mama yake akapooza upande mmoja. Marehemu akarudi nyumbani kumuuguza. Shuleni hakurudi tena kama mwanafunzi.

Alirudi mwaka 1971 kama mfagiaji. Ilikuwa sekondari ile ile. Walimpa maabara kwa sababu wafagiaji wengine waliikataa, walisema inanuka. Yeye aliitaka. Miaka miwili baadaye wakampeleka mafunzo mafupi ya utunzaji wa maabara, akarudi na cheti na koti jeupe. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi walimpa jina la Mama Madirisha. Alijifanya halijui, lakini ukimwita hivyo aligeuka.

Wengi wenu hamkuijua kazi yake. Nitaieleza kama alivyonieleza.

Kuna dawa inaitwa formalini. Ukiiona utadhani ni maji ya kunywa, haina rangi. Ndiyo inayohifadhi vyura na samaki na moyo wa ng'ombe kwenye chupa za mdomo mpana, visioze, wanafunzi wavisome. Dawa hiyo inawasha. Mvuke wake unachoma macho, pua na koo. Ikigusa ngozi inaikausha mpaka inachubuka, na wapo watu ambao ngozi yao ikishaikataa mara moja inaikataa moja kwa moja, hata tone tu. Mtu akiinywa inaua. Na inashika moto.

Marehemu aliiheshimu dawa ile kuliko alivyomheshimu mkuu wa shule. Hakuifungua chumba kikiwa kimefungwa. Alivaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho yote, na koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alimimina polepole, chupa iko chini kwenye sinia, uso ameurudisha nyuma. Hakuiweka rafu moja na asidi. Msimu wa baridi dawa ilikuwa inaingia ukungu mweupe, na hakumruhusu mtu kuipasha kwenye moto. Chura akitoka kwenye chupa alioshwa kwa maji mengi kabla mwanafunzi hajamgusa. Alipokuwa mja mzito, mara zote mbili, hakuishika kabisa. Mwalimu wa biolojia alimimina, yeye akasimama nje dirishani akimwelekeza kama kocha wa mpira. "Polepole, mwalimu. Hiyo siyo chai."

Na kunusa. Alisema chupa usiyoijua hainuswi kwa pua. Unaiweka mbali, unapunga mkono juu ya mdomo wa chupa, hewa kidogo inakujia. Basi inatosha. Alizoea mpaka akawa ananusa hivyo kila kitu. Maziwa. Maharage yaliyolala. Vichwa vya wajukuu. Mimi mwenyewe nikiingia jioni alinipungia mkono mbele ya kifua, akasema, "Leo umepitia kilabuni." Nikikataa, anapunga tena. "Na ulikaa."

Jambo jingine alilosema ni hili. Hatari kubwa ni pua yenyewe. Ukiingia inapiga kelele. Ukikaa inanyamaza. Dawa ipo pale pale, ila pua imechoka kukwambia. Kwa hiyo hakuiamini pua yake. Kabla darasa halijaingia alimwita mtu kutoka nje, yeyote anayepita, mlinzi, mpishi. "Njoo unisaidie pua." Mpishi akisema panawasha, wanafunzi wanangoja uwanjani, hata kama mtihani ni kesho.

Mimi nilimjua mwezi wa nane 1973. Mimi ni mpaka rangi. Tulikuwa watu wanne na fundi mkuu wetu, tumepewa shule nzima tuimalize wakati wa likizo. Fundi mkuu alitaka haraka. Maabara tuliipaka madirisha yakiwa yamefungwa, rangi ya mafuta, ikakaukia kwenye fremu. Kwa macho yalipendeza sana. Yeye akaja anarudisha vitu vyake rafuni. Akasukuma dirisha moja. Akasukuma la pili.

"Fundi, haya madirisha yanafunguka?"

Nikamwambia, "Dada, tazama yalivyong'aa."

"Sijauliza kama yanang'aa."

"Utayafungulia nini na baridi hii?"

Alikwenda kumtafuta fundi mkuu. Mimi nilikuwa na kiu. Mezani kulikuwa na chupa ya maji. Nikafungua kifuniko, nikainua, na kabla haijafika mdomoni nikawa sioni. Alirudi mbio. "Weka chini! Weka!" Akanishika mkono mpaka kwenye bomba la nje. "Fungua macho, maji yapite. Usisugue." Nilisimama pale muda mrefu mpaka shati lote limelowa. Wenzangu wanacheka. Mmoja akasema, "Huyu amelizwa na mwanamke hata kumchumbia bado."

Kisha akaniuliza, "Imeandikwa kwa herufi kubwa. Husomi?"

"Sisomi."

Hakucheka. Kesho yake nilikuja peke yangu na kisu na msasa nikayafungua madirisha yote, moja moja, nikayakwangua kingo. Alinipa karatasi. Ameandika neno moja. Akanifundisha herufi zake. Neno la kwanza nililosoma maishani mwangu ni HATARI. La pili ni CHUMVI, hilo alilibandika baadaye jikoni kwetu. Kusoma kwangu kote nimekutoa kwenye lebo zake. Ndiyo maana hata sasa maneno yangu ni mafupi.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974. Tulianza na chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kisha tukapata nyumba hii mnayoijua. Kila likizo ndefu nilikwenda na kisu changu kuangalia madirisha ya maabara. Hakuna aliyenituma ila yeye.

Mungu alitupa watoto wawili. Wa kwanza ni binti, 1976. Wa pili ni huyu kijana wetu dereva, 1979.

Nyumbani alikuwa na sheria zake. Koti la kazi halikuingia ndani, lilining'inia msumarini nyuma ya nyumba na lilifuliwa peke yake. Kitu kisicho cha kunywa hakikutiwa kwenye chupa ya soda. Jirani alituletea mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, akamrudishia. "Mama nanii, ukitaka tuendelee kuwa majirani, niletee kwenye dumu." Na mama akitoka kazini hakumbatiwi. Watoto walijua. Anapita moja kwa moja bafuni, anaoga, anavaa nguo nyingine, ndipo wanamrukia. Yule mdogo alikuwa anakwenda kucheza, anarudi akisikia mlango. Binti alisimama pale pale kwenye mlango wa bafu, mikono nyuma, anangoja. Kila siku. Nilimwambia, "Njoo ukae." Akasema, "Namsubiri mama."

Mwaka 1988, mwezi wa saba, Jumatano, rafu moja ya stoo ya maabara ilianguka. Ilikuwa ya mbao, mchwa waliila kwa ndani, nje nzima. Chupa kubwa ya formalini ikapasuka. Kidato cha tatu walikuwa darasani upande wa pili wa ukuta. Marehemu alifungua mlango akasema, "Vitabu viacheni. Tokeni, msimame upande upepo unakotoka." Walimzoea, walitoka. Mwalimu akawahesabu. Hayupo msichana mmoja. Alikuwa ametumwa stoo kuchukua darubini.

Marehemu alilowesha kitambaa akajifunga puani na mdomoni. Alijua hakitoshi, aliniambia mwenyewe, lakini kilikuwa karibu. Kabla ya kumshika msichana alifungua madirisha. Watu walimuuliza baadaye kwa nini alianza na madirisha. Akasema alitaka wote wawili watoke, na macho yake yasingefika mlangoni bila hewa. Yalifunguka yote. Msichana alikuwa amekaa chini amejifunika uso kwa sketi. Akamtoa. Wakaoshwa macho bombani, mpaka jua likageuka. Stoo hakuingia mtu siku hiyo wala iliyofuata. Hewa ilipotulia wakamwaga mchanga, wakazoa kwa koleo, wakafunga kwenye mifuko, na aliyekuwa anazoa alivaa kila kitu kinachovaliwa.

Yule msichana sasa ni mama mtu mzima. Yupo hapa. Hakutaka nimtaje zaidi ya hapo.

Baada ya siku ile kifua cha marehemu hakikuipenda tena dawa ile. Akiisikia, hata kwa mbali, anakohoa na macho yanavimba. Daktari alimkataza kuishika. Mkuu wa shule hakubishana, akaleta kijana mwingine wa kumimina. Marehemu akabaki na mizani, vioo, darubini na lebo, na kwa formalini akarudi kwenye kazi yake ya ukocha, nje dirishani.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011. Kwenye sherehe walimwomba aseme machache. Akamkabidhi kijana yule funguo, akamwambia, "Madirisha uyasukume kila Jumatatu." Akakaa. Watu walidhani anapumzika kidogo aendelee. Alikuwa amemaliza.

Alianza kuumwa sana mwaka 2020. Pumzi ilimpungua. Kwanza alishindwa kilima cha sokoni, kisha ngazi za nyuma, kisha kuoga bila kukaa. Hospitali walipiga picha. Daktari akamuuliza amefanya kazi gani maisha yake. Akamwambia. Daktari akaandika. Mimi nikauliza kama ni ile dawa. Akasema hawezi kusema ni hiyo wala hawezi kusema siyo. Marehemu alikuwa anavaa viatu. Akasema, "Basi tuondoke, mume wangu, kabla hajatoza kwa jibu hilo."

Alilala upande wa dirisha tangu tulipooana. Mwaka wa mwisho alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Alipotaka lifunguliwe zaidi alinyoosha kidole tu.

Siku moja mwezi wa pili mwaka huu, mdogo wake alikuwa amekuja, anachambua mchele. Marehemu akasema, bila kuulizwa, "Mimi nikifa, ile dawa ya mochwari msinitie."

Mdogo wake akasema, "Dada, acha hayo."

"Siachi. Ni formalini ile ile. Nimewatia wengi kwenye chupa. Hakuna hata mmoja aliyebaki na sura yake. Na wanaoosha maiti mnawajua, mikono mitupu, wameinama uso kwa uso. Sitaki mtu achubuke kwa ajili yangu."

Akanitazama. "Na jambo la mwisho. Mkilia, mlie wenyewe. Isije ikawa dawa ndiyo inawaliza, nikadhani nimependwa."

Mdogo wake akacheka mpaka mchele ukamwagika. Na yeye akacheka, akakohoa. Mimi nikaenda kuchukua maji. Sikudhani nitakuja kuhitaji kuyakumbuka maneno yale sawasawa.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, nyumbani, kitandani kwake. Alinyoosha kidole. Nikasukuma dirisha. Akasema, "Kidogo tena." Nikasukuma. Nilipogeuka alikuwa amekwenda. Nilibaki nimeshika komeo. Sijui zaidi ya hapo.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Tulimpeleka mochwari mchana ule ule. Mhudumu alikuwa na chombo chake tayari. Nikamwambia huyu hatiwi dawa. Akasema, "Mzee, hapa wote tunawatia."

"Huyu hapana."

"Friji letu linapooza kidogo tu, mzee. Mpaka Jumatano nitajitahidi. Baada ya hapo bila dawa mimi simo."

Nikamwambia tutazika Jumatano. Nikavuta kiti nikakaa mlangoni kwake. Siyo kwamba sikumwamini. Anafanya kazi nyingi, mtu anaweza kusahau.

Jioni waliniita nyumbani, ukoo ulikaa sebuleni. Binti yetu yuko ng'ambo, anatunza wazee wa watu. Ndege aliyoipata inafika Jumamosi. Kaka wa marehemu akasema, "Shemeji, siku hizi watu wanasubiri hata wiki mbili. Dawa ipo kwa ajili hiyo. Mtoto wa kwanza azikiwe mama, yeye hayupo?"

Nikasema, "Alikataa."

"Marehemu hakatai tena, shemeji. Sasa wanaokataa ni walio hai."

Mdogo wake akasema, "Alikataa akiwa hai, kaka, na mimi nilikuwepo."

Kijana wetu akasema, "Baba, dada hatatusamehe. Wewe utasema ni mama, lakini atakayelaumiwa ni wewe."

Nikasema najua.

Wakampigia simu, wakaniwekea sikioni. Binti akasema, "Baba, nisubirini. Mtieni. Nakuomba. Nimuone tu."

Nikamwambia, "Mama alisema hapana."

"Alisema hapana kwenu. Mimi hakuniambia."

Hilo lilikuwa kweli. Alikata simu.

Usiku nilirudi kwenye kile kiti cha mochwari. Sikulala wala sikukesha. Nilikaa. Watu wananiuliza najisikiaje. Sisikii kitu. Nakula nikipewa. Najua kila kitu kiko pale pale, ila hakiniambii.

Jumatatu binti alipiga mwenyewe. Sauti imekwisha. Akasema, "Baba, umemwona leo?"

"Niko mlangoni kwake."

"Ingia. Umnuse. Kwa mkono, kama alivyotufundisha. Uniambie. Kama wameshamtia, basi hakuna cha kulinda tena, mnisubiri. Kama hawajamtia, nitajua."

Nikaingia. Mhudumu alimtoa akamweka chumba kidogo cha pembeni. Nikafungua dirisha. Nikapunga mkono juu ya shuka. Nikasikia dawa.

Nikatoka nikakaa. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni tangu jana, na ndani mna wengine waliotiwa. Nguo zangu, pua yangu, vyote vimejaa. Na pua ya mpaka rangi, miaka hamsini ya tina ya kuchanganyia rangi, hata yeye hakuwa anaihesabu. Nikaenda mpaka barabarani, mdogo wake ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Nikamwambia, "Shemeji, njoo unisaidie pua."

Alielewa. Hakuuliza. Nilibaki nje na nguo zangu, yeye akaingia peke yake, nami nikamtazama kupitia dirishani. Alisimama kidogo. Akapunga mkono mara moja. Akapunga tena. Kisha akaegemea ukuta.

Akatoka akasema, "Sabuni yake. Na yale mafuta anayopaka mikononi."

"Na dawa?"

"Shemeji, dawa ni wewe. Kwake hakuna."

Nikampa simu amwambie binti yetu mwenyewe. Alimwambia hivyo hivyo, sabuni na mafuta ya mikono. Binti akaomba anipe mimi. Akasema, "Baba, mzikeni Jumatano. Msinidhanie hasira, sina. Nilikuwa namsubiri mlangoni mpaka aoge, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Safari hii anisubiri yeye."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Atafika Jumamosi. Nitampokea mimi na kijana wetu. Nawaomba wale waliosema yale maneno pale nje, akifika msimwambie lolote.

Marehemu ameacha mume, ndiye mimi, binti mmoja, aliye njiani, mwana mmoja na mke wake, wajukuu wanne, ambao wote wanajua kunusa kwa mkono, kaka mmoja, na mdogo wake huyu, ambaye akifika hapa namwomba asome mpaka mwisho asiishie njiani. Ameacha pia wanafunzi ambao hesabu yao hakuna anayeijua. Tunamshukuru daktari, mhudumu wa mochwari kwa kutusikiliza, na akina mama waliomwosha asubuhi hii. Hakuna aliyechubuka.

Ndugu zangu, leo hapa hakuna dawa. Nimeiangalia mwenyewe na nimeleta pua nyingine. Mtu yeyote ambaye macho yanamwasha, ni yeye mwenyewe, analia kwa hiari yake, na marehemu anaweza kuhesabu. Mimi bado. Nadhani itakuja.

Mke wangu apumzike, mahali penye hewa ya kutosha. Madirisha nimeyaacha yote wazi.